Kusoma na Kuchora Ramani ya Mahali Tunapoishi

1. Ramani ni nini?

Ndege akiruka juu ya kijiji, huona mapaa ya nyumba, si milango. Huona njia zikipindapinda, mto ukipita bondeni, na uwanja wa shule ukiwa na umbo la mstatili. Ramani ni mchoro wa mahali kama panavyoonekana kutoka juu. Mchoro huo ni mdogo kuliko mahali penyewe, lakini kila kitu hukaa katika nafasi yake: kilicho karibu huwa karibu, na kilicho mbali huwa mbali.

Ramani si picha. Picha huonyesha kila kitu kilichokuwapo mbele ya kamera, hata mbuzi aliyekuwa akipita. Mchora ramani huchagua. Huonyesha vitu vya kudumu vinavyohitajika, kama vile barabara, visima, mito, vilima na majengo, akaacha vingine.

Ili ramani iweze kusomwa, sharti iwe na mambo manne: upande wa kaskazini, kipimio, alama pamoja na ufunguo wake, na jina. Katika sura hii utajifunza mambo hayo kwa kuyafanya wewe mwenyewe. Mwishoni utaona jinsi ramani inavyoweza kuokoa maisha ya watu.

2. Pande kuu za dunia

Pande kuu za dunia ni nne: kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Majina haya yana maana. Mashariki na magharibi ni maneno yaliyotoka katika lugha ya Kiarabu. La kwanza ni mahali pa kuchomoza jua, la pili ni mahali pa kuchwea. Kaskazini ni upande unakotoka upepo wa kaskazi, ambao huvuma pwani yetu kuanzia Desemba hadi Machi. Kusini ni upande unakotoka upepo wa kusi, uvumao katikati ya mwaka. Mabaharia wa mwambao walisafiri kwa majahazi wakizifuata pepo hizo karne nyingi kabla ya shule zetu kujengwa.

Watu husema kwamba jua huchomoza mashariki. Jambo hilo ni kweli kwa jumla, lakini mahali hasa pa kuchomoza jua husogea kidogo kidogo katika mwaka. Mwezi wa Juni jua huchomoza likiwa limeelekea kaskazini kidogo, na mwezi wa Desemba huelekea kusini. Kwa hiyo, ukitaka kupata pande za dunia kwa usahihi, fanya jaribio lifuatalo.

Jaribio la 1: Kutafuta pande za dunia kwa kivuli

Vifaa: fimbo iliyonyoka yenye urefu wa meta 1, kamba, na vijiti viwili vidogo.

Chagua mahali tambarare penye jua siku nzima. Simika fimbo wima ardhini. Saa tatu asubuhi, chomeka kijiti cha kwanza penye ncha ya kivuli cha fimbo. Funga kamba kwenye shina la fimbo, uivute mpaka kwenye kijiti hicho, kisha chora duara ardhini kwa kuizungusha kamba.

Angalia kivuli saa baada ya saa. Kitapungua mpaka adhuhuri, halafu kitaanza kurefuka tena upande wa pili. Alasiri ncha yake itagusa duara. Chomeka kijiti cha pili mahali hapo. Usitegemee saa ya ukutani katika kazi hii. Tegemea kivuli chenyewe.

Sasa chora mstari ulionyoka kutoka kijiti cha kwanza hadi cha pili. Mstari huo unatoka magharibi kwenda mashariki. Kijiti cha kwanza kiko magharibi, kwa sababu asubuhi jua huwa mashariki nalo hutupa kivuli upande wa pili. Simama ukielekea mashariki. Mkono wako wa kushoto uko kaskazini, mkono wa kulia uko kusini, na magharibi iko nyuma yako.

Je, umeona kivuli cha adhuhuri kilielekea wapi? Katika Tanzania, mwezi wa Juni kivuli hicho huelekea kusini, na mwezi wa Desemba huelekea kaskazini. Hii ndiyo sababu hatuwezi kutumia kivuli cha adhuhuri peke yake bila kujua mwezi.

Dira nayo huonyesha kaskazini. Ndani yake mna sindano ya sumaku inayozunguka kwa urahisi. Dunia yenyewe ina nguvu za sumaku, nazo huivuta sindano ikae katika mstari wa kaskazini na kusini. Ukitumia dira, usisimame karibu na jembe, baiskeli au paa la bati, kwa kuwa chuma huipotosha sindano. Ikiwa shule yenu ina dira, ilinganishe na mstari wa vijiti vyako.

3. Juu ya ramani si juu ya nchi

Katika ramani nyingi kaskazini huwekwa upande wa juu wa karatasi. Hayo ni mapatano tu ya wachora ramani. Mwaka 1154 mwanachuoni Al-Idrisi alimaliza kumchorea Mfalme Roger wa Pili wa Sicily ramani kubwa ya dunia, na katika ramani hiyo kusini ndiko kulikokuwa juu. Ramani yake haikuwa na kosa kwa sababu hiyo. Msomaji alitakiwa tu kujua upande gani ni upi.

Wanafunzi wengi hudhani kwamba mto hauwezi kutiririka kuelekea kaskazini, kwa sababu maji hayapandi juu. Fikiri vizuri. Ramani inapotundikwa ukutani, kaskazini huwa karibu na dari. Lakini nchi haikutundikwa ukutani. Mto Naili hutoka Ziwa Viktoria, ambalo liko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, ukaenda kaskazini mpaka Bahari ya Mediterania. Maji yake hushuka safari nzima, ingawa katika ramani huonekana yakienda juu.

Kwa hiyo, unapojifunza kusoma ramani, iweke chini sakafuni au juu ya meza. Izungushe mpaka kaskazini ya ramani ielekee kaskazini ya kweli, ile uliyoipata kwa vijiti. Tendo hili huitwa kuelekeza ramani. Ramani ikiisha kuelekezwa, barabara iliyo kulia kwako katika ramani itakuwa kulia kwako nje pia.

4. Kipimio

Hatuwezi kuchora uwanja wa mpira kwenye karatasi kwa ukubwa wake. Tunaupunguza. Lakini tukipunguza kitu kimoja sana na kingine kidogo, mchoro wetu utadanganya. Lazima vitu vyote vipunguzwe kwa kiasi kimoja. Kiasi hicho huitwa kipimio cha ramani. Wengine hukiita skeli.

Tuseme tumechagua kipimio cha sentimeta 1 kwa meta 10. Uwanja wenye urefu wa meta 100 na upana wa meta 60 utakuwa na urefu wa sentimeta 10 na upana wa sentimeta 6 katika ramani. Darasa lenye urefu wa meta 9 litakuwa na milimeta 9. Kwa kuwa meta 10 ni sawa na sentimeta 1,000, kipimio hicho pia huandikwa 1:1,000.

Ramani nyingi za vijiji na vilima vya nchi yetu zimechorwa kwa kipimio cha 1:50,000. Maana yake ni kwamba sentimeta 1 kwenye karatasi ni sentimeta 50,000 ardhini, yaani meta 500. Sentimeta 2 ni kilometa 1.

Tazama mfano mwingine. Katika ramani ya Tanzania yenye kipimio cha sentimeta 1 kwa kilometa 50, umbali wa Dar es Salaam na Dodoma ni kama sentimeta 8. Zidisha 8 kwa 50, utapata kilometa 400. Lakini msafiri wa basi huenda kama kilometa 450. Kwa nini? Rula hupima mstari ulionyoka, bali barabara hupinda. Ukitaka kupima barabara katika ramani, laza uzi juu yake ukifuata kila pindo, kisha unyooshe uzi huo juu ya rula.

Jaribio la 2: Kuchora ramani ya shule

Vifaa: kamba yenye mafundo kila baada ya meta 1, rula, penseli, na karatasi.

Kwanza, pima hatua yako. Kwa kutumia kamba, pima meta 50 uwanjani. Tembea mwendo wako wa kawaida kutoka mwanzo hadi mwisho ukihesabu hatua. Rudia mara tatu, maana hesabu ya mara moja huenda ikakosea. Ikiwa umepata hatua 100, basi hatua yako moja ni nusu meta. Mwenzako mwenye miguu mirefu atapata jibu jingine. Kwa hiyo kila mtu atumie hatua yake mwenyewe.

Pili, simama mlangoni mwa darasa. Tembea kwa mstari ulionyoka mpaka kwenye bomba au kisima cha shule, ukihesabu. Kama umepata hatua 240, umbali ni meta 120. Kwa kipimio chetu, mstari huo utakuwa na sentimeta 12. Tazama pia umekwenda upande gani wa dunia, ukauandike.

Tatu, fanya hivyo hivyo kwa ofisi ya mwalimu mkuu, vyoo, bustani, mti mkubwa na lango. Kisha chora. Usichore kwa kukumbuka tu. Mtu akichora kwa kukumbuka, hukifanya kikubwa kile anachokipenda na kukisahau kile asichokitembelea.

5. Alama na ufunguo

Hakuna nafasi ya kuandika majina ya vitu vyote katika ramani. Hivyo hutumia alama. Mto na ziwa huonyeshwa kwa rangi ya buluu, msitu kwa rangi ya kijani, reli kwa mstari wenye vistari vidogo vya kukata. Mchora ramani huweka pembeni orodha ya alama zake na maana ya kila moja. Orodha hiyo huitwa ufunguo, kwa kuwa ndiyo inayofungua maana ya ramani. Ramani isiyo na ufunguo ni kama barua iliyoandikwa kwa lugha usiyoijua.

6. Vilima na mabonde

Karatasi ni bapa, lakini nchi ina vilima na mabonde. Je, kimo cha kilima kitaonyeshwaje katika karatasi bapa? Jaribio hili litakuonyesha.

Jaribio la 3: Kutengeneza mistari ya kontua

Vifaa: karai, udongo wa mfinyanzi, rula, msumari, na maji.

Finyanga kilima chenye kimo cha sentimeta 10 ndani ya karai. Upande mmoja uwe na mteremko mkali, upande mwingine uwe na mteremko wa pole. Uache udongo ukauke kidogo. Tia maji mpaka yafikie kina cha sentimeta 2. Kwa msumari, chora mstari kuzunguka kilima pale maji yanapogusa udongo. Ongeza maji mpaka sentimeta 4, uchore mstari wa pili. Endelea hivyo mpaka sentimeta 8. Kisha mwaga maji, utazame kilima chako kutoka juu kabisa.

Umeona nini? Mistari imezungukana kama pete, wala hakuna unaoukata mwingine. Upande wenye mteremko mkali mistari imekaribiana. Upande wenye mteremko wa pole mistari imeachana.

Mistari hiyo huitwa kontua. Kila kontua huunganisha mahali pote penye kimo kimoja kutoka usawa wa bahari, na namba iliyoandikwa juu yake hutaja kimo hicho kwa meta. Ukitoka kwenye kontua ya meta 1,200 ukaenda kwenye kontua ya meta 1,260, umepanda meta 60. Maji hushuka kutoka kwenye namba kubwa kwenda kwenye namba ndogo. Kwa hiyo anayesoma kontua huweza kujua mvua ikinyesha maji yatapita wapi, hata kama hajafika mahali hapo.

7. Ramani iliyoonyesha penye maradhi

Mwishoni mwa Agosti 1854, ugonjwa wa kipindupindu ulizuka katika mtaa wa Soho jijini London, Uingereza. Katika siku kama 10 zaidi ya watu 500 walikufa. Wakati huo watu wengi, hata madaktari, waliamini kwamba kipindupindu huletwa na hewa yenye harufu mbaya.

Daktari mmoja, John Snow, hakuridhika na maelezo hayo. Yeye aliamini kwamba ugonjwa huo huenezwa na maji. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza ni nani amekufa na maji ya kunywa yametoka wapi. Baadaye alichora ramani ya mtaa huo. Kwa kila mtu aliyekufa alitia alama nyeusi penye nyumba yake. Akaonyesha pia mahali pa pampu za maji.

Alama nyeusi zilijazana kuizunguka pampu moja, ile ya Broad Street. Karibu na hapo palikuwa na nyumba kubwa ya kutunzia maskini yenye watu zaidi ya 500, lakini waliokufa humo walikuwa wachache sana. Kwa nini? Nyumba hiyo ilikuwa na kisima chake. Ikiwa hewa ndiyo iliyoua, mbona iliwapita hao?

Snow aliwaeleza wakuu wa mtaa aliyoyaona, na tarehe 8 Septemba 1854 mpini wa pampu ukaondolewa ili watu wasiteke maji tena. Kufikia siku hiyo vifo vilikuwa vimeanza kupungua, kwa kuwa watu wengi walikuwa wameuhama mtaa. Hata hivyo maji yale yalizuiwa yasiue tena. Wachunguzi walipofukua baadaye waliona kwamba shimo la maji machafu ya nyumba moja lilikuwa chini ya meta 1 kutoka kisimani, nalo lilikuwa likivuja.

Ramani ile haikutibu mgonjwa hata mmoja. Kazi yake ilikuwa kuweka pamoja, mbele ya macho, mambo ambayo yalikuwa yametawanyika katika nyumba nyingi.

8. Kisima na choo viwe wapi?

Usidhani kwamba jambo hilo ni la London ya zamani tu. Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaenea katika mikoa mingi ya nchi yetu. Vijidudu vyake hutoka katika kinyesi cha mgonjwa, vikaingia katika maji ya kunywa. Basi swali la mahali pa kuchimba choo ni swali la uhai, na ni swali la ramani.

Wataalamu wa afya hushauri choo cha shimo kiwe mbali na kisima, angalau meta 30, tena kiwe upande wa chini wa mteremko. Tuseme kisima cha kijiji kiko penye kimo cha meta 1,210. Wanakijiji wametaja mahali patatu pa kuchimba choo:

Mahali pa kwanza ni meta 15 kutoka kisimani, penye kimo cha meta 1,208.
Mahali pa pili ni meta 60 kutoka kisimani, penye kimo cha meta 1,222.
Mahali pa tatu ni meta 45 kutoka kisimani, penye kimo cha meta 1,204.

Pa kwanza ni chini ya kisima, lakini ni karibu mno. Pa pili ni mbali, lakini ni juu. Mvua ikinyesha uchafu utashuka kuelekea kisimani. Pa tatu ni mbali ya kutosha, tena ni chini. Hapo ndipo pafaapo. Maji yaliyo chini ya ardhi mara nyingi hufuata mteremko, lakini si kila mara. Kwa hiyo kabla ya kuchimba, mwulizeni pia afisa afya.

Ramani hutusaidia pia kujikinga na mafuriko. Desemba 2011 mvua kubwa ilileta mafuriko Dar es Salaam, na watu waliokaa katika bonde la Mto Msimbazi walipata hasara kubwa. Mwaka 2015 ulianza mradi uitwao Ramani Huria. Wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wananchi walitembea mitaani wakiandika mifereji, njia na nyumba, na kuuliza wakazi maji hufika wapi. Walitumia simu na picha zilizopigwa kutoka angani, lakini kazi yenyewe ilikuwa kama yako: kutembea, kupima, kuuliza na kuandika.

9. Mambo ya kukumbuka

Ramani ni mchoro wa mahali kutoka juu, uliopunguzwa kwa kiasi kimoja.
Elekeza ramani kabla ya kuisoma.
Kipimio hutuwezesha kujua umbali wa kweli.
Kontua zilizokaribiana huonyesha mteremko mkali.
Maji hufuata mteremko wa nchi, si upande wa juu au wa chini wa karatasi.

10. Mazoezi

1. Kwa nini kijiti cha kwanza katika Jaribio la 1 kilikuwa magharibi mwa kijiti cha pili?
2. Katika ramani ya 1:50,000, shule iko sentimeta 7 kutoka zahanati. Umbali wa kweli ni kilometa ngapi?
3. Hatua 180 za mwanafunzi mmoja ni meta 90. Je, hatua yake moja ina urefu gani?
4. Mwanafunzi amesema, "Mto Naili hupanda mlima kwenda Misri." Mweleze kosa lake.
5. Nyumba ya maskini ya London ilikuwa karibu na pampu mbaya, lakini watu wachache tu walikufa humo. Jambo hilo lilithibitisha nini?
6. Kazi ya nyumbani: Chora ramani ya nyumba yenu na mazingira yake. Onyesha kaskazini, kipimio na ufunguo. Tia mahali pa kuteka maji, choo, na shimo la taka. Kwa mshale onyesha maji ya mvua yanakoelekea. Ukiona mshale umetoka chooni ukaelekea mahali pa maji, waonyeshe wazazi wako ramani hiyo, uwaeleze kwa adabu uliyojifunza.